Kiti cha bodi ya chuo kikibaki wazi: wateue mtu au watu wapige kura?

Kule California vyuo vya jamii (vyuo vya umma, hasa vya kozi za miaka miwili baada ya sekondari) viko 116, na karibu kila wilaya ya vyuo, yaani eneo lenye chuo kimoja au zaidi chini ya uongozi mmoja, ina bodi iliyopigiwa kura na wananchi, kipindi miaka 4. Sasa mjumbe akifariki au akijiuzulu katikati, sheria inawapa waliobaki siku 60 tu, wateue mtu au waitishe uchaguzi mdogo, wakizubaa msimamizi wa elimu wa kaunti anauitisha mwenyewe.

Wanaotaka uteuzi wana hoja nzito. Gharama ya uchaguzi mdogo inabebwa na wilaya yenyewe, yaani ni hela ile ile ya walimu na madarasa, na wanaojitokeza kupiga kura ya kiti kimoja cha bodi huwa wachache mno. Halafu bodi ya watu 7 ikibaki na 6, watatu huku watatu kule, bajeti inakwama na hata kumwajiri mkuu wa chuo kunakwama.

Ila mi kinachonisumbua ni nani anamchagua nani. Bodi ndo inaajiri na kumfukuza mkuu, inapitisha mikataba ya walimu, inaamua kama wananchi waombwe mkopo wa majengo (tangu mwaka 2000 inatosha asilimia 55 ya kura kuupitisha), sasa watu haohao wakipewa nafasi ya kuchagua mwenzao kirahisi tu watamchukua asiyewabishia. Na uchaguzi wa kawaida ukifika, yule aliyeteuliwa akigombea anaruhusiwa kuandikwa kwenye karatasi ya kura kwamba ndiye anayeshikilia kiti kwa kuteuliwa, hiyo si faida ndogo jamani.

Sheria imeacha mlango, ndani ya siku 30 wapiga kura wanaweza kuufuta uteuzi wakikusanya saini za asilimia 1.5 ya walioandikishwa. Lakini piga hesabu, wilaya yenye wapiga kura 400,000 ni saini 6,000 kwa mwezi mmoja, na ile fomu ya saini lazima ioneshe makadirio ya gharama ya uchaguzi kwa kila mwanafunzi. Mtu anasoma hiyo namba kalamu iko mkononi, wengi wataiweka chini. Kujua gharama ni haki ya mwananchi, sikatai, ila mbona fomu haimwambii na hasara ya kupata mjumbe mbovu?

Kuteua peke yake si dhambi, jimbo la Washington wajumbe wa bodi za vyuo hivi wanateuliwa na gavana kisha seneti inathibitisha. Pale angalau anayeteua hakai kwenye bodi hiyo. Kwa California mi niko upande wa uteuzi kama muda uliobaki ni miezi tu, lakini ukikaribia miaka miwili wapige kura, hata kama ni ghali. Na wakiteua basi kila mwombaji aulizwe maswali yaleyale mbele ya watu, kila mjumbe ataje kura yake na aseme kwanini kamchukua huyu akamwacha yule.