Naomba Muhuri Tu

Mimi ni mgonjwa wa maonesho. Wenzangu wana Simba na Yanga, mimi nina mabanda. Nane Nane ya pale uwanja wa John Mwakangale, Uyole, sikumbuki mwaka niliokosa. Sabasaba ya Dar nimekwenda mara saba kwa kisingizio cha kufuata mzigo. Nina duka la spea za pikipiki Mwanjelwa, na kila ikifika Julai duka hilo linapungukiwa vitu ambavyo, kwa bahati mbaya, vinapatikana Barabara ya Kilwa tu.

Ugonjwa uliingia kwenye mifupa Machi 2022. Mpwa wangu anafanya kazi Dubai, akanipigia: "Mjomba, njoo uone maonesho ya dunia kabla hawajafunga." Yenyewe yaliitwa Expo 2020 ingawa Corona iliyasogeza yakaanza Oktoba 2021. Jina hawakubadilisha. Nadhani fulana zilishachapishwa.

Nchi zaidi ya 190, kila moja na banda lake. Na mabanda yenyewe si ya turubai na miti ya mkaratusi, ni majengo ambayo hapa kwetu yangekuwa makao makuu ya benki. Kosa alilofanya mpwa wangu ni kuninunulia, kwa dirham 20, kijitabu cha manjano kinachoitwa pasipoti ya Expo. Ukiingia banda la nchi, unagongewa muhuri wa nchi ile. Mtindo huo ulianzia Montreal mwaka 1967, na aliyeubuni hakujua anamfanyia nini mtu wa Mwanjelwa.

Siku ya kwanza nilitazama vitu. Italia walileta nakala ya sanamu ya Daudi wa Michelangelo, imetengenezwa kwa mashine, ndefu kupita mita tano, lakini wameizungushia sakafu kiasi kwamba wengi wetu tuliona kichwa na mabega. Nilikaa pale nikijiuliza miguu imekwenda wapi. Siku ya pili sikutazama kitu. Naingia, naulizia meza ilipo, twaa! natoka. Jioni mpwa akauliza, "Mjomba, Peru kuna nini?" Nikamwambia Peru kuna foleni fupi.

Nilirudi na mihuri 61 na bushingi dazeni nne.

Hapo ndipo nilipoanza kuwachosha watu. Mteja amekuja kununua plagi, anaondoka anajua kwamba maonesho haya yalianza London mwaka 1851 ndani ya jumba la vioo, na kwamba Mnara wa Eiffel ulijengwa kwa ajili ya maonesho ya Paris ya 1889. Plagi ameisahau kaunta. Mke wangu akaichukua ile pasipoti ya manjano akaifungia kabatini, chini ya vitenge, ili biashara ifanyike.

Basi ikaja Agosti. Mwaka huo Nane Nane kitaifa ilikuwa kwetu Mbeya, ndiyo ile ambayo Rais alikuja kuzindua ruzuku ya mbolea. Siku tatu kabla ya kilele nikaamka na wazo. Pasipoti imefungiwa, sawa, lakini mabanda si yapo? Na mihuri si ipo? Nikanunua kaunta buku la kwaya mbili. Kwa kuwa Uyole asubuhi ya Agosti baridi inakata masikio, nikavaa koti langu refu la kaki, kofia ya pama, na kalamu mbili mfukoni, ya bluu na nyekundu. Sikuwa na nia yoyote na ile nyekundu.

Banda la kwanza lilikuwa la mbegu za mahindi. Binti akanisalimia, "Shikamoo mzee, karibu." Nikafungua kaunta buku, nikaandika jina la banda juu ya ukurasa, nikatazama saa, nikaandika na saa. Kisha nikasema, kwa upole kabisa:

"Marahaba. Naomba muhuri."

Binti akaenda nyuma mbio. Akatoka na bosi wake, kijana mwenye tai, ameshika faili. "Mzee, banda tumelipia tangu tarehe moja, risiti hizi hapa."

"Sina shida na risiti, kijana wangu. Nataka muhuri tu."

Ile sentensi, nimekuja kuielewa baadaye, ndiyo iliyomtoa jasho. Mtu asiyetaka hata kuona risiti! Akanigongea IMELIPWA, akaisaini, akaandika na namba ya simu. Nikapewa soda na kilo mbili za mbegu. Nikasema moyoni, Nane Nane imekua, sasa wanapokea wageni kama Dubai.

Banda la pili nikakuta kiti kimeshafutwa vumbi. La tatu, mashine ya risiti imetolewa chini ya meza na inatoa risiti yenyewe bila mteja. Kumbe simu zilishapigwa: mzee wa koti la kaki yuko njiani. Mimi nikawa nagongewa tu. IMEPOKELEWA. IMELIPWA. Ushirika mmoja wa parachichi hawakuwa na muhuri, mwenyekiti akachovya kidole gumba kwenye wino, na katibu naye, na mhazini naye ambaye hakuulizwa.

Kwenye mabanda ya mifugo nikamkuta kijana wa ukaguzi wa nyama. Muhuri aliokuwa nao ni ule wa kugongea nyama buchani, wa wino wa zambarau. Nikamwambia gonga. Mkono wake ulikuwa unatetemeka; nusu ya muhuri ikaingia kwenye karatasi, nusu ikanishika mkononi juu ya saa. IMEKAGULIWA. Wino ule hautoki kwa maji, wala sabuni ya magadi. Nikaendelea na safari nikiwa nimethibitishwa kuliwa.

Kufikia saa saba nilikuwa na mbegu, trei ya mayai, chupa ya asali na mchele wa Kyela kilo tano. Mama mmoja wa mama lishe akanivuta pembeni, akaniambia choo cha upande ule hakina maji tangu juzi. Nikaandika. Kwa nini niliandika? Sijui. Alikuwa amekasirika na mimi nilikuwa na kalamu. Nyuma yake wakapanga foleni wengine watano.

Ilipofika saa nane ikapita kamati yenyewe, majaji wa kweli wanaotafuta banda bora. Walipofika kwa yule kijana mwenye tai wakaambiwa, "Tumeshakaguliwa." Banda la pili hivyohivyo. La tatu wakaonyeshwa mpaka saini yangu, maana kuna watu walinidai nami nisaini kwao, nikasaini.

Nilikutwa kwa mama lishe, namalizia wali maharage ambao ulikataa katakata kulipiwa.

Kwenye hema la polisi afande alipekua kaunta buku ukurasa kwa ukurasa. "Mzee wangu, wewe unatoka ofisi gani?"

"Mwanjelwa."

Nikamweleza habari ya Dubai. Akauliza, "Na huko ukimaliza mihuri yote, wanakupa nini?"

"Hawakupi kitu."

Akaniangalia kwa muda. Nadhani kama ningesema ni wizi, angenielewa upesi zaidi.

Ikabidi mke wangu apigiwe simu alete ushahidi. Akaja na bajaji, uso umekunjwa, ile pasipoti ya manjano imezungushiwa kitenge. Afande akaifungua huku akinionya, lakini akakwama kwenye ukurasa wa tatu. Akaita mwenzake. "Hii ni nchi gani hii?" Nikawaambia. "Na hii?" Tulifika hadi muhuri wa arobaini na kitu, mke wangu amesimama na trei ya mayai anauliza, "Na haya ni ya nani?"

Vitu vikarudishwa kwa wenyewe, isipokuwa asali, ambayo nilikuwa nimeshaionja. Nikaandika maelezo, nikasaini. Afande akavuta kidau cha wino, akachukua muhuri wa kituo agonge chini ya maelezo yangu. Mpya, wa duara, una tarehe katikati.

Mke wangu akaniona ninavyoutazama.

"Usithubutu," akasema.

Uko ukurasa wa 24. Umegongwa kichwa chini miguu juu, ila unasomeka.