Mlevi wa Kwenye Mchoro ni Mwanamume

Mjomba katuma tena kwenye kundi la ukoo ule mchoro wa hatua za ulevi. Mnaujua: mstari unateremka toka glasi ya kupunguza mawazo, unapita kunywa kwa siri, kusahau ya jana, kufukuzwa kazi, mpaka chini kabisa. Upande wa kupanda, wa mtu anayepona, ambao daktari Max Glatt aliuongeza kule Uingereza miaka ya 1950, umekatwa. Kaandika, "Sayansi hiyo, tusibishane." Sote tulijua anasemwa shangazi. Kundi kimya, kisha mtu akatupia stika ya mikono ya sala.

Haya, tuiongee hiyo sayansi.

Mwaka 1943, miaka 10 baada ya Wamarekani kuifuta marufuku yao ya pombe, Chuo Kikuu cha Yale kilifungua shule ya kiangazi ya masomo ya pombe. Vinara wake walikuwa Howard Haggard na E. M. Jellinek, mtafiti ambaye kazi yake ndiyo iliyozaa mchoro huo. Wachungaji, walimu, watu wa ustawi wa jamii na wapinga pombe wa kufa na kupona walikaa darasa moja kwa wiki sita. Mwaka 1944 hata Bill Wilson, mwasisi mwenza wa Alcoholics Anonymous, chama cha walevi wanaosaidiana kuacha, alikuja kuzungumza. Sitabisha: kumsikiliza mlevi aliyeacha akieleza ulevi, badala ya kumhubiria tu, lilikuwa jambo kubwa. Na shahada za Jellinek zilizokuja kutiliwa shaka tuziache, si ugomvi wangu leo.

Ugomvi wangu ni fomu. Gazeti la Alcoholics Anonymous lilisambaza dodoso kwa wanachama, na Jellinek akapewa majibu ayachambue. Zilirudi fomu 158. Katika makala yake ya 1946 alitumia 98, zote za wanaume. Zile chache za wanawake aliziweka kando kwa kuwa majibu yao hayakufanana na ya wanaume.

Hayakufanana! Basi si ndiyo habari yenyewe hiyo? Mwaka 1952 akaja na majibu ya wanaume wapatao 2,000. Wanawake? Tuendelee kusubiri.

Na kinachonichoma ni kwamba aliyeitoa elimu ile darasani na kuipeleka mitaani alikuwa mwanamke. Marty Mann, aliyekuwa mlevi akaacha, alisoma shule hiyo 1944, na mwaka huohuo, Yale ikimuunga mkono, akaanzisha kamati ya taifa ya elimu ya ulevi. Alizunguka Marekani akisema mlevi ni mgonjwa, anasaidika, na anastahili kusaidiwa. Wa kusambaza ujumbe alipatikana. Wa kuhesabiwa, hapana.

Sasa chukua mchoro umpime mama wa nyumbani. Hatua ya kufukuzwa kazi: nani amfukuze, sufuria? Anayekunywa kwenye kikombe cha chai watoto wakiwa shule, jioni ugali uko mezani na sare zimepigwa pasi, yuko hatua ya ngapi? Hayupo. Atakuja kuonekana siku ameanguka, halafu tutasema kabadilika ghafla.

Yale nao walichoka, na mwaka 1962 shughuli nzima ikahamia Chuo Kikuu cha Rutgers, New Jersey. Jellinek, nimpe haki yake, aliandika mwenyewe kwamba data zile zilikuwa finyu. Tahadhari hiyo haikupata nafasi kwenye mchoro.