"Cozzie livs" na "menty b": utani wa Waingereza unasaidia au unaficha?

Waingereza siku hizi wana mchezo wa kulikata neno zito mpaka linabaki kama jina la utani la mtoto. Platinum Jubilee, ile sherehe ya Malkia Elizabeth kutimiza miaka 70 kwenye kiti mwaka 2022, ikaitwa "platty joobs". General election, yani uchaguzi mkuu, ya Julai 2024 ikawa "genny lec". Kanuni yenyewe rahisi, neno la kwanza unalikata unalitia sauti ya "i" mwishoni, la pili unabakisha kipande tu, basi. Hayo sina ugomvi nayo, sherehe ni sherehe.

Ugomvi unaanza kwenye "cozzie livs", yani cost of living, ugumu wa maisha. Lilishika kipindi ambacho mfumuko wa bei Uingereza ulipanda mpaka asilimia 11.1 Oktoba 2022, hali ambayo haikuonekana kwa miaka 40, watu wanazima hita na baridi inapiga. Likapendwa hadi kamusi ya Macquarie ya Australia ikalichagua neno la mwaka 2023. Wanaolipinga wanasema ni neno la walioshiba, maana aliyeacha kununua kahawa ya nje na anayeruka mlo ili watoto wale wote wanaingia humo humo, na shida ikishapewa jina tamu hivo nani ataidai serikali majibu? Hoja nzito hii, siipuuzi.

Ila kuna dada nilikua nafanya nae shifti za usiku, nyumba ya kulea wazee, kwake umeme ni wa kununua kabla kama luku yetu. Usiku mmoja akanionyesha simu, salio la umeme limebaki pauni moja na chenji, akasema "cozzie livs, innit", yani ndo ugumu wa maisha huo, si ndio, akacheka, alafu ndo akaanza kunieleza yote, deni, kodi, mtoto analala na koti. Bila kale kaneno sidhani kama angefungua mdomo, maana kule kutamka wazi kwamba huna hela watu wanaona aibu sana. Na Bongo tulivyosema "vyuma vimekaza" nani alidhani tumeshiba?

Ninapokataa mimi ni "menty b", mental breakdown, mtu kuelemewa mpaka akili inagoma. Umeme hata ukiucheka mita inakuonyesha namba, lakini mtu akikwambia kwa kicheko "jana nilipata menty b" utajuaje kama alilia dakika tano chooni kazini au ana wiki nzima hajalala na anatafuta wa kumshika mkono? Yote yanatoka na neno lile lile, kicheko kile kile.

Yule dada nae alishawahi kulisema, tukiwa tunabadilisha mashuka, nikacheka nae tukaendelea na kazi. Nimekuja kumuuliza vizuri baada ya wiki mbili, kwa simu, alishaacha kuja kazini.