Mtoto Anayeamka Usiku: Abembelezwe au Aachwe Ajifunze?

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anapoamka mara nne au tano kwa usiku mmoja, wazazi wa Mombasa hupewa majibu mawili yanayopingana. Bibi atasema kwamba mtoto ni mtoto, alazwe ubavuni mwa mamake na apewe ziwa kila anapolitaka, kwa kuwa hakuna mtu mzima aliyewahi kuendelea na tabia hiyo. Wazazi wa rika la sasa, ambao ushauri wao wameupata zaidi kwenye simu, watasema kwamba mtoto hafundishiki akiitikiwa kila akilia, na kwamba siku tatu za kukaza moyo zitaipa nyumba nzima usingizi. Kila upande una hoja nzito, na kila upande una jambo unaloliruka.

Kwanza ni vyema kueleza mtoto huamka kwa nini. Usingizi wa binadamu huenda kwa mizunguko: wa mtu mzima huchukua kama saa moja na nusu, na wa mtoto mdogo hukaribia saa moja tu. Baina ya mzunguko na mzunguko sote huzinduka kidogo, tukageuka, tukarudi kulala bila ya kukumbuka asubuhi. Sasa mchukue mtoto aliyelala saa mbili usiku ziwa likiwa kinywani, ameshika pindo la leso ya mamake. Saa nne anazinduka kama kawaida ya mwili, anapapasa godoro, ziwa halipo na leso haipo. Analia kwa sababu kila kilichomlaza kimeondoka, wala hana ukaidi wowote. Katika umri huu huongezeka pia hofu ya kutengana na mama, ambayo huanza kabla ya mwaka wa kwanza kutimia na huwa kali hadi karibu mwaka mmoja na nusu. Pande zote mbili hazibishani juu ya haya. Ubishi wao ni kama mtoto arudishiwe alichokikosa kila mara, au afundishwe kulala bila yake.

Wanaotaka afundishwe wana ushahidi ambao si haki kuupuuza. Njia ya kumwacha mtoto kitandani na kumrudia kwa vipindi vinavyorefuka ilipata umaarufu tangu mwaka wa 1985 kupitia kwa Richard Ferber, daktari wa watoto wa Boston. Baadaye watafiti wa Melbourne, Australia, walizifuatilia familia za watoto 326 waliokuwa na shida ya usingizi wakiwa na umri wa miezi saba. Baadhi ya familia zilipewa mafunzo na nyingine hazikupewa. Watoto walipofika miaka miwili, akina mama waliofunzwa walikuwa na dalili chache zaidi za sonona. Walipofika miaka sita, watoto wa makundi yote mawili hawakutofautiana kitabia wala katika ukaribu wao na wazazi, yaani mafunzo hayakuwadhuru, na faida ya usingizi yenyewe haikuwa imedumu hadi umri huo.

Hata hivyo, watu wengi wanaoutaja utafiti huu hawataji mafunzo yenyewe yalikuwa yapi. Wazazi wa Melbourne hawakuambiwa wafunge mlango na kumwacha mtoto alie hadi achoke. Walipewa hiari ya kumrudia na kumtuliza kila baada ya muda, au kukaa karibu na kitanda chake na kusogea mbali kidogo kidogo usiku baada ya usiku. Kumwacha kabisa ni jambo jingine, na huko ndiko kuna la kutia wasiwasi. Mwaka wa 2012 ulichapishwa utafiti wa New Zealand wa watoto 25 walioachwa walie hadi walale. Kufikia usiku wa tatu kilio kilikuwa kimekoma, lakini homoni inayoonyesha dhiki mwilini mwa watoto ilikuwa bado juu. Ni watoto wachache, na utafiti mwingine wa Australia wa mwaka wa 2016 haukuona dhiki kama hiyo, kwa hiyo mimi siwezi kusema kwamba jambo limethibitika. Ninachoweza kusema ni kwamba kunyamaza kwa mtoto pekee hakutoshi kuwa ushahidi kwamba ametulia.

Tena ushauri wa kukaza moyo umebeba nyumba yake ndani yake: nyumba ambayo mtoto ana chumba chake na jirani yuko mbali. Katika nyumba za Majengo au Kisauni zenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku, ambapo kila chumba kinakaa familia nzima, kilio cha saa nane usiku si cha mzazi peke yake. Ukuta wa pili kuna mtu anayeamkia zamu ya alfajiri bandarini, na kuna mgonjwa, na kuna mtoto mwingine. Mama aliyeazimia kukaza moyo hubishiwa mlango usiku wa kwanza tu, na kwa aibu humpa mtoto ziwa baada ya kumliza nusu saa. Huo ndio mwisho mbaya kuliko yote, kwa kuwa mtoto amejifunza kwamba akilia vya kutosha atapewa. Ongeza joto la Kaskazi, hasa mwezi wa Machi, stima ikipotea na feni ikasimama, mtoto akiwa ndani ya chandarua kisichopitisha upepo wa kutosha. Usiku kama huo hata mtu mzima halali, na kumhesabu mtoto kuwa ni mdeka si uadilifu.

Je, bibi basi ndiye mwenye haki? Kwa mengi, ndiyo. Shirika la Afya Duniani linashauri kunyonyesha kuendelee hadi miaka miwili au zaidi, na Waislamu wanaijua miaka miwili kamili katika Sura ya Al-Baqara. Mtoto ambaye mamake huvuka feri ya Likoni kabla jua halijachomoza na kurudi magharibi hana wakati mwingine wa kumpata ila usiku, na kunyonya kwake saa saba huenda kukawa ni kumdai mama aliyemkosa mchana kutwa. Kumnyima hapo bila kumpa mbadala ni kumwongezea upungufu.

Lakini desturi ya bibi ilifanya kazi katika nyumba yenye watu. Mama aliyekesha aliweza kulala dhuhuri, kwa sababu mtoto alichukuliwa na shangazi, na mama mkubwa alipika, na kulikuwa na wasichana wa nyumbani wa kumbeba. Mama wa leo katika chumba cha kupanga Mikindani amerithi desturi bila ya kuwarithi wasaidizi wake. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inampa likizo ya uzazi ya miezi mitatu, na inampa baba wiki mbili. Mtoto anapofikia umri tunaouzungumzia, likizo zote zilikwisha zamani. Mtu mmoja anaamka mara tano, kisha anatakiwa kiwandani saa moja asubuhi. Anapolalamika huambiwa kwamba hata sisi tulilea. Jawabu hilo linaniudhi, kwa sababu huyo aliyelea hakulea peke yake, na uchovu wa miezi mingi humfungulia mama mlango wa sonona.

Kabla ya kuchagua njia yoyote, sababu za mwili zichunguzwe kliniki. Mtoto anayekoroma na kupumua kwa mdomo huenda ana nyama za puani. Anayejikuna nyuma usiku huenda ana minyoo. Upungufu wa madini ya chuma nao huvuruga usingizi, na hapa chai ya jioni tunayowapa watoto pamoja na mahamri ina madhara mara mbili, kwa kuwa ina kafeini na huzuia chuma kufyonzwa mwilini. Kumsomea mtoto dua hakugongani na kumpeleka hospitali. Dawa za mafua zinazosinzisha, ambazo baadhi ya watu hutia kijiko ili mtoto alale, si za mtoto wa chini ya miaka miwili, na hata mkubwa wake hapewi kwa ajili hiyo.

Akishaonekana mzima, mimi naona njia inayozifaa nyumba zetu nyingi ni ile ya pili ya Melbourne, na si lazima mtoto atoke chumbani mwa wazazi wake. Usingizi wa alasiri ukatwe mapema. Anahitaji saa 11 hadi 14 kwa siku nzima pamoja na za mchana, na mtoto aliyelala hadi magharibi hawezi kulala saa mbili. Ziwa liletwe kabla ya kulala akiwa bado macho, kisha alazwe, akae na mtu wa kumshika mkono, na mkono upunguzwe polepole. Majirani waambiwe mapema, nao mara nyingi huelewa. Kazi isianzwe akiwa na homa, wala katikati ya Ramadhani wakati nyumba nzima iko macho hadi daku.

Baba ndiye anayefaa kuamka katika nusu ya kwanza ya usiku, kwa sababu mtoto hatarajii ziwa kwake. Mama alale moja kwa moja hadi saa saba, hata kama ni kwenye mkeka upande wa pili wa chumba, na kama baba ana zamu ya usiku, basi siku yake ya mapumziko amchukue mtoto baada ya staftahi na asimrudishe mpaka mama aamke mwenyewe.