MS si ugonjwa wa Wazungu

Jicho la binamu yangu lilififia, likapona lenyewe, kisha miguu ikaanza kufa ganzi. Alipouliza kama yaweza kuwa MS (multiple sclerosis), ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia ubongo na uti wa mgongo, daktari akamjibu kwamba huo ni ugonjwa wa Wazungu. Nyumbani shangazi zetu walishaamua ni jini. Shangazi nawasamehe, hawakusomea. Daktari simsamehe.

Kirusi kinachohusishwa na MS kuliko vyote, Epstein-Barr, historia yake inaanzia hapa kwetu. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji Mulago, Kampala, aliona watoto wakivimba taya kwa saratani. Vipande vya uvimbe vikasafirishwa kwa ndege hadi London, na mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakakitangaza kirusi hicho walichokikuta ndani yake. Watoto wa Uganda ndio walioufungulia ulimwengu mlango huu, halafu leo mgonjwa wa Afrika Mashariki anaambiwa ugonjwa huu haumhusu!

Kuna na wale wa "kirusi hicho tunacho karibu sote, kingekuwa chanzo tungeugua sote." Hoja hii imenichosha. Ni kweli, takriban asilimia 95 ya watu wazima wanacho. Lakini vimelea vya kifua kikuu navyo vimelala ndani ya watu wengi mno ambao hawataugua maisha yao yote, na hakuna anayesema kifua kikuu hakina kimelea. Kirusi kinaweza kuwa sharti la ugonjwa bila kutosha chenyewe kuuleta. Januari 2022 watafiti wa Harvard walitoa matokeo ya kufuatilia wanajeshi wa Marekani zaidi ya milioni 10 kwa miaka 20. Kati ya wagonjwa 801 wa MS waliopimwa damu zao zilizohifadhiwa, 35 hawakuwa na kirusi hapo mwanzo. 34 kati yao walikipata kabla ya kuugua. Hatari iliongezeka mara 32 baada ya maambukizi. Sitomegalovirusi, kirusi kingine ambacho nacho huenea kwa mate, hakikuongeza chochote. Na dalili za neva kuumia zilionekana kwenye damu baada ya kirusi kuingia, si kabla. Mwezi huohuo watafiti wa Stanford wakaonyesha kwamba kwa baadhi ya wagonjwa, kingamwili zinazoshambulia protini ya kirusi hicho hushambulia pia protini ya ubongo inayofanana nayo.

Haya, nakubali: karibu na ikweta MS ni adimu zaidi. Jua, vinasaba na umri wa kuambukizwa kirusi vinatajwa; watoto wetu hukipata wakiwa wadogo, ilhali anayekipata ujanani na kuugua homa ya tezi inayoletwa nacho ndiye hatari yake hupanda. Lakini adimu si kutokuwepo, na tutawahesabuje wagonjwa ikiwa kipimo cha MRI, cha kupiga picha za ubongo, kiko mjini tu na bei yake ni mshahara wa mtu?

Kijana mwenye jicho lililofifia na ganzi isiyoeleweka aandikiwe MRI. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa tatu za MS kwenye orodha ya dawa muhimu, mojawapo rituksimabu, ambayo madaktari wa saratani wanaifahamu siku nyingi. Huondoa seli B, aina ya seli za kinga, zilezile kirusi kinamojificha. Bima zetu ziilipie kwa MS pia, kwa sababu neva ikishaharibika dawa haiirudishi.