Mwenzenu Napiga Kinanda

Jamani, bendi ikiingia ukumbini, mtazameni nani anatoka jasho kabla wimbo haujaanza. Mpiga gitaa kaja na mzigo mmoja mgongoni kama mwindaji na podo lake. Mwimbaji kaja na koo. Mimi nimekuja na kinanda cha vitufe 88, stendi, kiti, pedali, nyaya ambazo ukizikunja vizuri usiku zinaamka zimejifunga mafundo zenyewe, na adapta. Adapta hiyo naiona kila siku, ila siku ya shoo ndiyo inasafiri.

Halafu mtu ananifuata mlangoni: "Kaka, wewe unasaidia kubeba vyombo?" Ndiyo, kaka. Nasaidia.

Nikinung'unika, wakubwa wa fani wananiambia nishukuru. Enzi zao kulikuwa na kinanda kikubwa cha umeme, ogani ya Hammond B-3, ambayo ukiijumlisha na kiti na pedali zake inapita kilo 180, na hapo spika lake, kabati zima, halijapakiwa. Wanaume walioipandisha ngazi walianza wakiwa marafiki na kufika juu hawasemezani. Haya, nashukuru. Ila mgongo wangu haujasoma historia.

Kazi yenyewe sasa. Kiongozi wa bendi akiona wapiga tarumbeta wanataka hela nyingi, ananigeukia: "Si unazo humo ndani?" Ninazo. Violini ninazo, filimbi ninayo, kwaya ninayo, makofi ninayo, hata mvua na radi ninayo. Basi jukwaani mimi ni umati, ila zamu ya malipo ikifika nahesabiwa mtu mmoja, tena wa mwisho. Na jirani yangu anayenisikia nikifanya mazoezi ana swali lake la kudumu: "Lakini hicho si kinajipiga? Mimi nimeona kuna kitufe."

Kitufe! Kwani ngoma haina ngozi?

Mwimbaji wetu naye asubuhi sauti iko mawinguni, jioni imeshuka na mafua. Hanigeukii kuniambia. Ananyoosha kidole nyuma ya kiuno, kikiangalia chini: shusha nusu toni. Vidole viwili: shusha nzima. Siku moja alikuwa anajikuna, wimbo mzima ukahamia mahali ambapo hata yeye hakuwa na ndugu. Mgongo wa mtu huyu naujua kuliko fundi anayemshonea mashati.

Picha za matangazo ndiyo usiseme. Nakaa pembeni, nyuma ya chombo kinachofanana na meza, na watu wanakiheshimu kama meza: chupa za maji hapo, miwani ya mpiga besi hapo, simu ya mtu inachajiwa hapo. Tangazo likitoka nimekatwa begani. Umebaki mkono wangu wa kushoto, na mashabiki wanasema mpiga besi ana mikono mirefu. Niliwahi kuomba nipate kile kinanda cha kuning'iniza shingoni kilichovuma miaka ya 1980, ili na mimi nitembeetembee mbele. Niliambiwa nitamchanganya mpiga gitaa. Sikuuliza kivipi; mpiga gitaa anachanganywa na mengi.

Na msidhani ni mikosi yangu tu. Rolling Stones walikuwa na mpiga piano, Ian Stewart, mmoja wa walioianzisha bendi. Mwaka 1963 meneja Andrew Loog Oldham akaamua sura yake haiendani na wenzake na watu wamezidi, akamtoa kwenye safu. Unajua Stewart alifanya nini? Akabaki. Akaendesha gari, akabeba vyombo, na akaendelea kupiga piano kwenye rekodi zao hadi alipofariki mwaka 1985. Mimi ningesusa, lakini adapta angeibeba nani?

Matthew Fisher alipiga ile ogani ya "A Whiter Shade of Pale", wimbo wa bendi ya Procol Harum wa mwaka 1967, ambayo ukiitoa kwenye wimbo unabaki na watu wazima wanaolalamika. Jina lake halikuandikwa kwa watunzi. Alifungua kesi mwaka 2005, na mwaka 2009 ngazi ya juu kabisa ya rufaa Uingereza ikasema ana haki ya fungu lake. Hesabu mwenyewe kutoka 1967. Wapiga kinanda tuna subira ya mawe.

Anayenipa raha ni Richard Wright, mpiga kinanda wa bendi ya Pink Floyd. Walimsukuma nje ya bendi, kisha kwenye maonyesho ya 1980 na 1981 wakamrudisha kama mwajiriwa wa mshahara. Maonyesho yakala hasara, wenye bendi wakaibeba, na Wright akaondoka na mshahara wake mkononi. Hiyo habari nimeipigia chapa na kuibandika ndani ya sanduku la kinanda.

Sasa juzi kiongozi wetu kaja na akili mpya. Turekodi sauti zangu zote, tuziweke kwenye kompyuta, "ili mwenzetu upumzike." Kupumzika kwenyewe ni kusimama kando ya hiyo kompyuta na kuibonyeza. Nikabonyeza. Wimbo wa kwanza ukaenda, violini zangu zikalia bila mimi, jirani yangu angefurahi. Katikati ya wimbo wa pili kompyuta ikanyamaza na kutangaza kwamba inajisasisha, tusiizime.

Ukumbi kimya. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu tuungane, mwimbaji akageuka jukwaani nikamwona uso. Kumbe ana ndevu.

"Piga chochote!" akanong'ona.

Nikampigia mvua.