Dick Dale na lile taji: alivikwa au alijivika?

Dick Dale alipofariki California tarehe 16 Machi 2019, akiwa na miaka 81, karibu kila taarifa ya msiba ilimwita mfalme wa gitaa la mawimbi. Ni muziki wa gitaa la umeme ambao Wamarekani waliupa jina la mchezo wa kuteleza baharini juu ya ubao, na Dale mwenyewe alikuwa mchezaji wa mchezo huo. Ufalme wake aliutetea hadi mwisho. Lakini wapo wanaosema taji hilo alijivika mwenyewe, na hoja zao si za kupuuzwa.

Wanaanza na kalenda. Link Wray alishalingurumisha gitaa katika "Rumble" mwaka 1958. Duane Eddy naye alikuwa na jina kubwa kwa nyimbo za gitaa zito zisizo na mwimbaji. Mwaka 1961, mwaka uleule Dale alipotoa "Let's Go Trippin'", kundi la vijana wadogo la The Bel-Airs lilitoa "Mr. Moto" hukohuko kusini mwa California. Tena ukiisikiliza "Let's Go Trippin'" kwa utulivu, ule mwangwi mzito unaosikika kana kwamba umelowa maji, ambao leo ndio alama ya muziki huu, haumo. Na Dale alipenda kusimulia habari zake kwa chumvi. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.

Yote hayo nayakubali, na bado taji nampa yeye. Sababu yangu imo katika mkono wake wa kushoto, ambao ndio aliopigia nyuzi.

Alizaliwa Boston mwaka 1937 kwa jina la Richard Monsour, baba yake akiwa na asili ya Lebanoni. Ami yake alikuwa mpiga udi, na ndiye aliyemfundisha kupiga ngoma ya Kiarabu, ndugu wa dumbaki tunayoijua katika taarabu. Dale alisimulia kwamba siku moja kijana alimuuliza kama anaweza kupiga wimbo mzima kwa uzi mmoja tu. Akamkumbuka ami yake akipiga "Misirlou", wimbo wa zamani wa Mediterania ya mashariki ambao jina lake lina maana ya binti wa Misri, na ambao ulirekodiwa kwa Kigiriki tangu miaka ya 1920. Akauongeza kasi, akaurekodi mwaka 1962.

Sikiliza sekunde zake za mwanzo. Uzi mnene unapigwa juu na chini, juu na chini, pasipo kupumua, huku vidole vya mkono wa pili vikipanda shingo ya gitaa kwa makamu, yaani mpangilio wa sauti wa muziki wa Kiarabu, ya jamii ya Hijazi. Mimi nilipousikia mara ya kwanza nilidhani ni udi uliotiwa umeme. Kwenye udi, sauti ikishapigwa hufa upesi, kwa hiyo mpigaji huirudia harakaharaka ili aishikilie. Gitaa la umeme halina ugonjwa huo, sauti yake hudumu zaidi. Dale alichukua dawa ya udi akainywesha ala isiyoumwa, na ule mfululizo wa mapigo ukawa kishindo. Hapo sioni Wray wala Eddy aliyemtangulia.

Kishindo hicho kilihitaji mitambo. Katika ukumbi wa Rendezvous huko Balboa, ambako maelfu ya vijana walikuja kucheza, amplifaya za wakati ule zilimshinda. Zikiwaka moto, alirudi kwa Leo Fender, mtengenezaji wake, kudai nyingine. Fender akaja mwenyewe kusikiliza katikati ya umati, ndipo akaelewa. Ikatengenezwa amplifaya ya wati 100 na kufungwa spika za inchi 15. Waliokuja baadaye kupiga roki nzito walikuta njia imeshafyekwa.

Upande wa pili una hoja moja inayonigusa zaidi ya zile za tarehe: kwamba Marekani ilimpa sifa kijana wa ufukweni kwa wimbo ambao wahamiaji wa Kigiriki na Kiarabu walikuwa nao siku nyingi. Ni kweli. Ila Dale hakumficha ami yake. Waliomficha ni wale walioandika habari zake kana kwamba muziki huo uliibuka kutoka mchangani California.

Wimbi lenyewe halikudumu. Mwaka 1964 bendi za Uingereza zilivamia redio za Marekani. Ugonjwa wa saratani nao ukampata. Alirudi kwa kishindo mwaka 1994, "Misirlou" ilipofungua filamu ya Pulp Fiction, na mwaka 2005 kundi la The Black Eyed Peas wakaukata vipande wakautia katika "Pump It", ambao vijana wetu waliucheza bila kujua kwamba chini yake kuna udi wa Lebanoni.

Akiwa na miaka karibu 80 bado alizunguka na gitaa lake Marekani, mgonjwa, akieleza waziwazi kwamba lazima apande jukwaani ili alipie matibabu.